Msichana wa Nairobi na Raketi Yake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Kwaluguru na sehemu zote za Handeni na Korogwe. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena darasani pamoja na mwalimu wao.

  Ninyi mnaotoka shambani sasa hivi, poleni na kazi. Sogeeni karibu na redio, fungueni madaftari, na kalamu ziwe tayari, maana leo tutaandika tarakimu nyingi.

Kila mmoja wetu ajua kazi ya mkulima, kazi ya fundi cherehani na kazi ya mkata mkonge. Leo twajifunza kazi ambayo wengi wetu hatuiiti kazi. Ni kazi ya mwanamke anayecheza mpira wa tenisi ili apate riziki yake.

Mzazi akimwona binti yake anakimbizana na mpira mchana kutwa, humwambia, "Mwanangu, mchezo haujazi chungu." Je, maneno hayo ni ya kweli? Hilo ndilo swali la leo. Tutalijibu kwa kufuata habari za msichana mmoja wa nchi jirani ya Kenya, jina lake Angella Okutoyi.

MANENO YA KUJUA KWANZA

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne, na darasa lote liyasome kwa sauti.

Raketi: chombo cha kupigia mpira wa tenisi.

Wavu: kitu kinachokatiza katikati ya uwanja.

Mchezaji wa ridhaa: mtu anayecheza bila kulipwa.

Mchezaji wa kulipwa: mtu ambaye mchezo ndio kazi yake, naye hupata fedha akishinda.

MCHEZO WENYEWE

Pengine hujapata kuuona mchezo huu kwa macho yako. Basi fikiri uwanja uliosawazishwa vizuri, kama uwanja wa kupigia mahindi. Urefu wake ni mita 23 na sentimita 77. Mtu mzima akiupima kwa hatua ndefu, atapata kama hatua 24. Wachezaji wakiwa mmoja kwa mmoja, upana ni mita 8 na sentimita 23. Wakiwa wawili kwa wawili, uwanja huongezwa kila upande, hata upana ukawa mita 10 na sentimita 97.

Katikati umetandazwa wavu. Urefu wake pale katikati ni sentimita 91, yaani unafika kama kiunoni mwa mtu mzima. Mpira ni mdogo, waenea katika kiganja, na uzito wake ni kama wa yai kubwa la kuku. Raketi ina mpini na duara. Ndani ya duara hilo zimesukwa nyuzi, zimekazwa sana, mfano wa kitanda cha kamba.

Sheria yake kubwa ni nyepesi. Mmoja anaupiga mpira upite juu ya wavu, nao uangukie ndani ya mistari ya mwenzake. Mwenzake aurudishe kabla haujadunda mara ya pili. Akishindwa kuurudisha, au akiupiga ukatoka nje ya mistari, au ukakwama kwenye wavu, basi mwenzake amepata alama.

JINSI YA KUHESABU

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, lakini ninyi mnajua hesabu. Tazameni.

Mchezaji akipata alama ya kwanza, huandikwa 15. Akipata ya pili, huandikwa 30. Akipata ya tatu, huandikwa 40. Akipata ya nne, amechukua gemu moja. Wote wawili wakifika 40, ni sare, na hapo mtu hapati gemu mpaka apate alama mbili mfululizo.

Anayetangulia kupata gemu 6, naye amemzidi mwenzake kwa gemu 2 au zaidi, amechukua seti. Wakilingana 6 kwa 6, huchezwa gemu moja ndefu ya kukata shauri. Wanawake wanapocheza mmoja kwa mmoja, mwenye kutangulia kupata seti 2 ndiye mshindi.

Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba fulani ameshinda 6-4, 6-3, maana yake seti ya kwanza alipata gemu 6 na mwenzake 4, na seti ya pili alipata 6 na mwenzake 3. Andikeni hesabu hiyo katika madaftari. Tutaihitaji baadaye.

ANGELLA NI NANI?

Angella Okutoyi alizaliwa tarehe 29 Januari 2004, katika nchi ya Kenya. Alizaliwa pacha, yeye na ndugu yake wa kike. Mama yao alifariki alipowazaa. Watoto wale wakabaki mikononi mwa bibi yao mzaa mama. Bibi huyo hakuwa na mali. Alikuwa akifanya kazi ya usafi katika shule moja mjini Nairobi, na mshahara wa kazi hiyo wajulikana ulivyo. Kuna wakati pacha hao walikaa katika makao ya watoto, kwa kuwa mahali pa kuishi na bibi yao palikuwa pa shida.

Katika ukoo huo alikuwapo mjomba aliyejua kufundisha tenisi. Huyo ndiye aliyempa Angella raketi, naye alikuwa bado mtoto mdogo wa miaka minne hivi. Pacha wake pia alijifunza. Mjomba hakungoja serikali wala tajiri. Alianza na alichokuwa nacho.

Ninyi mama na bibi mnaolea wajukuu huku Kwaluguru, mnaijua hali hiyo. Mtoto analelewa na bibi, ada ni shida, viatu ni shida. Na tenisi si mchezo wa kuchezea miguu mitupu kwa mpira wa matambara. Yahitaji raketi, mipira ambayo huchakaa upesi, viatu na uwanja. Katika Afrika Mashariki, viwanja vingi vizuri vya tenisi viko mijini, na vingi ni vya klabu ambazo mtu huingia kwa kulipa. Kwa hiyo mtoto wa maskini hawezi kufika mbali peke yake. Hapana budi pawe na mtu wa kumshika mkono, na baada ya huyo mwingine, na mwingine tena.

Angella alipata watu hao. Baada ya mjomba, alipata nafasi katika kituo cha mazoezi cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi na Shirikisho la Tenisi la Afrika, mjini Casablanca, nchi ya Moroko. Katika kituo cha namna hiyo, vijana hodari kutoka nchi mbalimbali za Afrika hukaa, hufanya mazoezi, na huendelea na masomo.

MWAKA ULIOMTANGAZA

Mwaka 2021 Angella alishinda ubingwa wa Afrika wa wasichana wasiozidi umri wa miaka 18, katika mashindano yaliyofanywa Tunisia. Ushindi huo ulimpa nafasi ya kwenda Australia.

Hapa tueleze jambo moja. Duniani yako mashindano manne ya tenisi ambayo ni makubwa kuliko yote. La kwanza hufanywa Melbourne, Australia, mwezi wa Januari. La pili hufanywa Paris, Ufaransa, mwezi wa Mei na Juni. La tatu hufanywa Wimbledon, mjini London, Uingereza, mwezi wa Juni na Julai. La nne hufanywa New York, Marekani, mwezi wa Agosti na Septemba. Katika kila moja, wakubwa hucheza, na vijana nao huwa na mashindano yao pembeni.

Januari 2022 Angella alikuwa Melbourne. Katika mechi ya kwanza alimshinda Federica Urgesi wa Italia kwa seti 2 kwa 1. Akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano makubwa ya vijana. Akashinda na mechi ya pili, juu ya Zara Larke wa Australia mwenyewe. Katika mechi ya tatu alishindwa na msichana wa Serbia, Lola Radivojević.

Julai mwaka huo huo akaenda Wimbledon, akacheza wawili kwa wawili. Mwenzake alikuwa Rose Marie Nijkamp, msichana wa Uholanzi. Wakaendelea mpaka fainali. Huko walikutana na wasichana wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Shikeni jina hilo la Mboko, tutarudi kwake.

Seti ya kwanza Angella na mwenzake walishindwa 3-6. Seti ya pili wakashinda 6-4. Sasa kila upande ulikuwa na seti 1. Katika mashindano hayo, wawili kwa wawili wakilingana hivyo, hawachezi seti nzima ya tatu. Huhesabu alama moja moja, na mwenye kutangulia kufika 10 kwa tofauti ya alama 2 ndiye mshindi. Walifika 9 kwa 9. Angella na Nijkamp wakapata 10, halafu 11. Ikawa 11-9, na kombe likawa lao.

Kwa ushindi huo Angella alikuwa Mkenya wa kwanza kuchukua ubingwa katika moja ya mashindano hayo makubwa manne, kwa upande wa vijana. Kenya nzima ilifurahi, na jirani zake pia.

Lakini sasa nisikilizeni vizuri. Je, alirudi nyumbani na fedha ngapi? Mashindano ya vijana hayatoi fedha za ushindi. Mshindi hupewa kombe na heshima. Nauli, chakula na mwalimu vilikuwa vimelipwa kwa misaada, hasa ule mfuko ambao mashindano makubwa manne huutoa kuwasaidia vijana wa nchi zisizo na uwezo. Basi kombe lilipatikana, lakini chungu bado hakijajaa.

NGAZI YA MCHEZAJI WA KULIPWA

Kijana akitaka kuwa mchezaji wa kulipwa, huanza upya chini kabisa. Makombe ya utotoni hayamwinui mpaka juu. Kazi hii ni kama kupanda ngazi.

Kidato cha chini ni mashindano madogo yanayofanywa kila wiki katika miji mbalimbali ya dunia. Tangu mwaka 2017, fungu la fedha katika madogo kabisa ya wanawake limekuwa dola 15,000 za Marekani. Mtu akisikia dola 15,000, hufikiri mshindi huzibeba zote. Sivyo. Fungu hilo hugawanywa kwa wachezaji wengi. Anayeshinda mashindano yote hupata dola 2,000 na kitu. Anayeshindwa siku ya kwanza hupata kiasi kisichofika dola 200.

Akishinda hapo hupata pia alama za kumpandisha katika orodha ya dunia. Orodha hiyo hutunzwa na chama cha wanawake wachezaji tenisi, kiitwacho WTA. Orodha huwapanga wachezaji kwa namba: wa 1, wa 2, wa 3, na kuendelea mpaka zaidi ya 1,000. Alama hukaa majuma 52 tu. Baada ya mwaka zinafutika, na mchezaji asiposhinda tena hushuka. Ni kama palizi: ukilima mwaka huu, mwaka ujao magugu yanakungoja pale pale.

Wachezaji wa kama 100 wa kwanza ndio huingia moja kwa moja katika mashindano makubwa manne. Huko wanawake 128 huanza. Tufanye hesabu pamoja. Baada ya mechi za kwanza wanabaki 64. Kisha 32. Kisha 16. Kisha 8. Kisha 4. Kisha 2. Mwisho 1. Huyo mmoja ameshinda mechi 7. Na wangapi wameshindwa? Toeni 1 katika 128. Wamebaki 127.

Andikeni namba hiyo, 127, muipigie mstari chini. Watu 127 hodari kupita kiasi hurudi nyumbani wameshindwa, na Jumatatu hushika tena raketi. Kazi ya mchezaji tenisi ni kushindwa karibu kila wiki bila kuvunjika moyo. Mkulima wa Handeni ambaye mvua imemkatia mahindi yakiwa kifuani, naye akapanda tena vuli, anayaelewa haya bila kufundishwa.

HESABU YA KIKAPU

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya zoezi, lakini njia ya hesabu ndiyo yenyewe.

Tuseme msichana atoka Nairobi kwenda kucheza mashindano madogo katika nchi ya mbali. Nauli ya ndege kwenda na kurudi ni dola 600. Malazi na chakula kwa wiki ni dola 350. Kusuka nyuzi za raketi na mahitaji madogo ni dola 50. Jumlisheni: 600 na 350 na 50. Mmepata 1,000.

Siku ya kwanza ameshindwa, akapewa dola 150. Toeni 150 katika 1,000. Zimebaki 850. Hizo dola 850 ni hasara, na ni ya wiki moja. Na hapo hatujaweka mshahara wa mwalimu wake, wala dawa akiumia mguu, wala kodi.

Kwa hiyo mchezaji tenisi si kama mfanyakazi anayepata mshahara mwisho wa mwezi. Yeye ni kama mwenye duka: hununua kwanza, ndipo auze. Kwa watoto wengi wa Afrika, kikwazo kikubwa ni huo mtaji, hata kama mkono ni hodari. Mtoto wa Ulaya hupanda gari-moshi asubuhi akafika mashindanoni. Mtoto wa kwetu hutafuta nauli ya ndege, tena hutafuta hati ya kuingilia nchi ya watu.

WANAWAKE WALIVYODAI MALIPO YAO

Pengine mtauliza: je, mwanamke hulipwa sawa na mwanamume katika mchezo huu? Jibu lake ni historia fupi inayofaa kujulikana.

Zamani wachezaji wa mashindano makubwa walikuwa wa ridhaa. Mwaka 1957 Althea Gibson, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walikuwa wakilima pamba katika mashamba ya watu, alishinda Wimbledon. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuushinda ubingwa huo, akapewa mkono na Malkia wa Uingereza. Hakupewa fedha za ushindi, kwa maana hazikuwapo. Mwaka 1958 akashinda tena.

Mwaka 1968 wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa kuingia. Mwaka huo Wimbledon ilimpa bingwa wa wanaume pauni 2,000. Bingwa wa wanawake, Billie Jean King, alipewa pauni 750. Mwaka 1970 wanawake tisa walichoka. Walikutana Houston, Marekani, kila mmoja akatia sahihi mkataba wa dola 1 tu, wakaanzisha mashindano yao wenyewe. Walitishwa kwamba watafukuzwa, wasirudi nyuma. Mwaka 1973 kikaundwa chama cha WTA, na mwaka huo huo mashindano ya New York yakaanza kuwalipa wanawake sawa na wanaume. Wimbledon ilichelewa mpaka 2007. Mwaka huo kila bingwa alipata pauni 700,000.

Angalieni jambo moja: wale tisa walitia sahihi. Mtu asiyejua kusoma hawezi kujua ametia sahihi nini. Ndiyo maana tunakaa hapa na kalamu zetu.

SHULE AU MCHEZO?

Turudi kwa Angella. Baada ya Wimbledon alikuwa na njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ni kuingia moja kwa moja katika kazi ya kulipwa, kwa kutegemea wafadhili. Njia ya pili ni kwenda chuo kikuu cha Marekani. Huko vyuo vingi humsomesha mchezaji hodari bila ada, humpa mwalimu wa mchezo na viwanja, naye hukichezea chuo.

Angella alichagua chuo. Alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama. Kila njia ina bei yake. Kwa kanuni za vyuo za wakati ule, mwanafunzi hakuwa huru kuchukua fedha zote za ushindi kama mchezaji wa kulipwa, na masomo humpunguzia wiki za kusafiri na kupanda katika orodha. Lakini akiumia goti kesho, ana elimu mkononi. Kwa msichana aliyelelewa na bibi mfanya usafi, hilo si jambo dogo.

Machi 2024 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana. Alicheza mpaka fainali, akamshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri, akachukua medali ya dhahabu. Bingwa wa Accra alikuwa na nafasi ya kwenda Olimpiki ya Paris mwaka huo, lakini kwa sharti: mwezi wa Juni awe ndani ya watu 400 wa kwanza katika orodha ya dunia. Angella hakuifikia namba hiyo. Kwa hiyo, bingwa wa Afrika nzima hakwenda Paris. Mnaona ngazi ilivyo ndefu.

WAWILI WA SIKU MOJA

Nilisema tutarudi kwa Victoria Mboko, yule wa Kanada aliyeshindwa na Angella katika fainali ya Wimbledon ya vijana. Wazazi wake walitoka Kongo, wakahamia ng'ambo. Naye amekulia Kanada, nchi yenye viwanja vingi, walimu wengi, na mashindano mengi yasiyohitaji ndege. Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 18, Mboko alishinda mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal. Katika fainali alimshinda Naomi Osaka wa Japani 2-6, 6-4, 6-1. Zawadi yake ilizidi dola 700,000.

Basi wasichana wawili wenye asili ya Afrika walisimama pande mbili za wavu mmoja mwaka 2022. Tofauti yao siku ile ilikuwa alama 2, kumi na moja kwa tisa. Na aliyeshinda ni yule wa Nairobi. Miaka mitatu baadaye, aliyeshindwa alikuwa bingwa wa wakubwa. Sisemi kwamba mmoja ni hodari na mwingine si hodari. Nasema tazameni kila mmoja amesimama juu ya nini. Mkono wa Mboko ulikuwa hodari, na chini ya miguu yake palikuwa na viwanja, walimu na mashindano ya nchi nzima. Chini ya miguu ya Angella palikuwa na bibi, mjomba na misaada.

Wala njia ya Angella haijafungwa. Ons Jabeur wa Tunisia alishinda mashindano ya wasichana ya Paris mwaka 2011. Fainali yake ya kwanza ya wakubwa katika mashindano makubwa manne aliicheza Wimbledon mwaka 2022, Julai ile ile ya kombe la Angella. Toeni 2011 katika 2022. Ni miaka 11 ya kupanda ngazi. Akafika hata kuwa wa 2 duniani.

JIBU LA SWALI LETU

Tuliuliza: je, mchezo hujaza chungu? Sasa tunaweza kujibu kama watu waliofanya hesabu.

Hujaza chungu cha wachache, tena baada ya miaka mingi. Mwenye mkonge wa Korogwe hakati majani mwaka ule ule aliopanda. Apalilia miaka miwili, mitatu, bila senti. Kazi ya mchezaji ni hivyo hivyo, na wanaolipa gharama ya miaka hiyo mitupu ni watu wa nyumbani kwake.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto wako akionyesha kipaji, iwe cha tenisi, cha mbio au cha mpira wa miguu, usimwambie aache, wala usimwambie aache shule. Mwache ashike vyote viwili. Mwulize mwalimu wake kuna mashindano gani ya shule. Likija karatasi la kutia sahihi, lisome lote, na usipolielewa umwite anayelielewa. Na usimpime kwa siku moja aliyoshindwa. Kumbuka zile 127.

Wazee wamesema, mcheza kwao hutunzwa. Angella alitunzwa kwanza na bibi mwenye ufagio, kabla dunia haijamjua.

MASWALI YA DARASA

1. Mpira wa tenisi ukidunda mara mbili upande wako, nani amepata alama?

2. Angella alizaliwa mwaka gani? Alikuwa na umri wa miaka mingapi Julai 2022?

3. Wachezaji 32 wakianza mashindano, na kila anayeshindwa hutoka, mshindi atashinda mechi ngapi?

4. Msichana ametumia dola 900, amepata dola 290. Amepata hasara ya dola ngapi?

5. Mwaka 1968 bingwa wa wanaume alimzidi bingwa wa wanawake kwa pauni ngapi?

6. Kwa nini Angella alichagua chuo? Wewe ungemshauri nini? Andika sentensi tatu, kisha msomee mwenzako.

Mwalimu, swali la sita lisisahihishwe kwa kalamu nyekundu. Kila mtu aseme lake, na darasa lijadiliane.

Kwa leo tumefika mwisho.